Nakuja Dar kuona dabi, kweli nitaibiwa?

SWALI: Shikamoo kaka, mi niko Songea, nataka kuja na mdogo wangu kuangalia Simba na Yanga kwa Mkapa ila kila mtu hapa ananitisha, mara panya road, yale magenge ya vijana wanaopora, mara vibaka. Niahirishe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usiahirishe, njoo kabisa! Mkishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis wapiga debe watawazonga na kung'ang'ania begi, we lishikilie, sema asante huku unatembea. Tiketi kateni mapema kwa N-Card, ile kadi ya kielektroniki ya kulipia kiingilio, za mkononi nje ya geti achana nazo, watu wanalizwa sana hapo.

Shughuli yenyewe iko kwenye kutoka. Uwanja unabeba watu 60,000, giza limeshaingia, wote mnabanana getini na hapo ndo simu inachomolewa na huhisi kitu, yangu iliondoka hivyohivyo nilikuwa nimeiweka mfuko wa nyuma. Weka mfuko wa mbele na kiganja juu yake, mdogo wako mshike mkono. Afu msiwahi kutoka, kaeni vitini kama nusu saa hivi watu wapungue. Gesti tafuteni hukohuko Temeke au Chang'ombe.