Ngozi ya tilapia na mafuta ya chatu juu ya kidonda cha moto

Swali: Mganga, juzi mtoto wangu wa miaka mitatu alimwagikiwa na maharagi ya moto kutoka mbabula, jiko letu la makaa, hapa Kadutu, Bukavu. Paja na nyuma ya goti vimefanya malengelenge, mengine yamepasuka. Mama mkwe ameleta kichupa cha mafuta ya chatu kutoka Uvira, anasema wao walipona kwa hayo. Dada yangu ameona kwenye simu kwamba Brazili wanatibu moto kwa ngozi ya tilapia, sasa anataka tununue tilapia mbichi sokoni tumfunge nayo. Nimfuate nani?

Jibu: Mama, pole sana. Usimpake mafuta hayo wala usimfunge ngozi ya samaki. Mpeleke kituo cha afya leo, kwa sababu malengelenge yaliyopasuka nyuma ya goti si ya kutunzwa nyumbani. Chukua na karatasi ya chanjo, waone kama amekingwa na pepopunda. Akiwa na homa, akilegea, akikojoa kidogo, au kidonda kikianza kunuka, msisubiri hata saa moja.

Dada yako hakudanganywa. Katikati ya miaka ya 2010, madaktari na watafiti wa Fortaleza, kaskazini-mashariki mwa Brazili, walianza kufunika vidonda vya moto kwa ngozi ya tilapia wa kufugwa. Ngozi hiyo ina kolajeni nyingi, yaani protini inayojenga ngozi, hushika unyevu na kunata vizuri juu ya kidonda. Kwa kidonda kisicho na kina kirefu inaweza kukaa siku kadhaa bila kubadilishwa. Sisi tunaofunga vidonda vya watoto tunajua maana ya jambo hilo: kila bandeji inapobanduliwa, mtoto analia upya. Kule California mwaka 2018 hata dubu walioungua nyayo katika moto wa msituni walifungwa ngozi hiyo.

Lakini ngozi ile haitoki sokoni kwenda moja kwa moja kwenye paja la mtu. Huparuliwa magamba, hutolewa nyama yote, huoshwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kisha hulowekwa katika gliserini inayoongezwa nguvu hatua kwa hatua. Halafu hufungwa kwenye pakiti na kupigwa miale ya gama ili kuua vijidudu vilivyobaki, na hutunzwa kwenye baridi. Ukiondoa kazi hiyo, unabaki na samaki mbichi tu. Maji baridi ya ziwa na mto yana bakteria waitwao Aeromonas, wanaoishi pia juu ya samaki, na wakipata kidonda kisicho na ngozi wanaweza kukiozesha upesi sana. Hiyo ndiyo hatari ya tilapia wa sokoni, hata awe ametoka majini asubuhi hiyo hiyo.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usimjibu kwa dharau. Watu wanaoishi kando ya mito hujitibu kwa kile mto unachowapa, na si kwetu Ruzizi tu. Brazili hiyo hiyo, wakazi wa kando ya mito hupaka mafuta ya teiú, mjusi mkubwa, kwenye koo na sikio linalouma. Mafuta ya sucuri, joka la majini, hupakwa viungo vyenye baridi yabisi. Ni elimu ya wazee, na naamini inastahili kuandikwa na kuchunguzwa kabla haijapotea. Ila kupaka kiungo chenye ngozi nzima ni jambo moja, na kupaka nyama iliyo wazi ni jambo lingine kabisa. Mafuta ya chatu huyeyushwa jikoni, hutiwa katika chupa iliyokwisha tumika, na kila mwenye maumivu huchovya kidole. Nyoka na mijusi hubeba salmonela, bakteria wanaoleta ugonjwa. Tena mafuta hufunika kidonda, hivyo muuguzi hawezi kuona kina chake mpaka ayaondoe, na kuyaondoa kunauma. Kama mmekwisha kupaka, semeni ukweli mkifika. Msijaribu kuyakwangua wenyewe.

Kwa wengine wenye mbabula na watoto nyumbani: moto ukimpata mtoto, mwagieni maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, tumieni bidoni (dumu la maji) na kikombe, mkimimina polepole. Maji hayo husaidia hata kama saa mbili tatu zimepita. Msiweke barafu, wala dawa ya meno, wala yai. Mfunikeni kwa kitambaa safi, na sehemu zisizoungua zipate joto. Kiganja cha mtoto pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Kidonda kikifikia viganja kumi, anahitaji hospitali na maji ya kutiwa kwenye mshipa. Uso, mikono, sehemu za siri na viungo ni vya hospitali hata kidonda kikiwa kidogo.

Mama, mpe mama mkwe kazi mbili, maana zinahitaji mtu mwenye subira. Kidonda cha moto hula nguvu za mwili, kwa hiyo ampikie mtoto sambaza (samaki wadogo wa ziwani), mayai na maharagi, na amnyweshe mara kwa mara. Pili, mtoto ataupenda mguu uliokunjwa kwa sababu hauumi sana hivyo, na goti likipona limekunjwa, kovu litalishika. Akilala, mguu unyooshwe, na muuguzi awaonyeshe mazoezi ya kufanya kila siku.