Madoa meupe kwenye kioo cha gari

Pole, ndugu. Umesema gari unaliosha kwa maji ya kisima hapo Mikindani, unaliegesha chini ya mkorosho, na sasa kioo cha mbele kina madoa meupe yasiyosikia sabuni. Hiyo ni chokaa ya maji iliyokaukia juani. Dawa yake siki nyeupe.

Asubuhi, kioo kikiwa baridi, lowesha kitambaa kwa siki, kibandike juu ya madoa dakika 10, sugua, suuza. Isichuruzike kwenye rangi. Kisha vaa kifuko laini cha nailoni mkononi upapase kioo: ukisikia chembechembe, bado kuna utomvu uliodondoka kutoka kwenye mkorosho. Huo uloweshe spiriti, ukwangue kwa wembe mpya, kioo kimelowa maji ya sabuni na wembe umelala. Wembe mkavu ulinichorea mstari ambao nauona hadi leo kila nikipishana na taa usiku. Upande wa ndani wenye tinti, wembe usiguse kabisa.

Doa likibaki baada ya siki mara mbili tatu, kioo kimeshalika. Hapo tafuta fundi wa kung'arisha. Na waipa zifute pia, mchanga wa ufukweni hukaa kwenye mpira.