Jibu: Chakula cha keto cha kubeba safarini Newala

Dada, umeuliza ubebe nini kwa wiki nzima ya kazi Newala, gesti haina friji na hutaki kuacha keto, ule ulaji wa wanga kidogo sana na mafuta mengi. Korosho usizitegemee, hata kama ndizo kila mtu hapa Mtwara atakufungia. Gramu 100 zina wanga karibu gramu 30, na wengi wa keto hawavuki gramu 20 hadi 50 kwa siku. Kiganja kimoja kinatosha. Karanga zina afadhali.

Tegemeo lako liwe dagaa wakavu. Osha mchanga wote, anika tena wakauke, kisha kaanga moto wa wastani mpaka ukimvunja mmoja avunjike ka! Waache wapoe kabisa ndipo ufunike kopo. Ukiwafunika wangali moto watatoa jasho na kuota ukungu. Ongeza vipande vya nazi kavu, na samaki wa kopo wa mafuta, siyo wa nyanya, maana ile sosi mara nyingi ina sukari. Mayai ya kuchemsha yamalize siku hiyohiyo.

Na kama unatumia insulini, tafadhali ongea na daktari kabla hujaondoka: wanga ukipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka vibaya.