Usilipe hilo gunia la "argentaiti" kabla kisu hakijapita

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni. Unasema dalali wa Nachingwea anakuuzia gunia la mawe ya kijivu yanayong'aa, anayaita argentaiti, yaani madini yenye fedha (silver) asilimia 87, na ushahidi wake ni fuwele zenye umbo la mchemraba. Unauliza kama muundo huo ni sahihi. Maneno hayohayo aliambiwa mjomba wangu hapa Masasi, na hela yake ya korosho ya msimu mzima ikaishia kwenye galena, madini ya risasi (lead) yanayofanana nayo.

Hiyo asilimia 87 ni ya kweli kwa sulfidi ya fedha, Ag2S, ambayo ndiyo hiyo argentaiti. Kwenye fuwele ndipo wanapokupiga. Atomi zake hujipanga kimchemraba joto likizidi nyuzi 173 hivi za Selsiasi. Likishuka, mpangilio wa ndani unageuka kuwa wa monokliniki, yaani ulioinama upande, si mchemraba tena, na madini yanaitwa akanthaiti. Jiwe lolote la sulfidi hiyo unaloweza kulishika mkononi ni akanthaiti, hata kama umbo la nje la mchemraba limebaki tangu lilipokuwa la moto. Galena ndiyo mchemraba nje na ndani, nayo ni risasi asilimia 86.6! Rangi ileile, ulaini uleule. Hata mizani haikusaidii: galena ni nzito mara 7.5 ya maji, akanthaiti mara 7.2 hadi 7.4. Mizani itakuokoa na kinywe (grafiti) cha Ruangwa tu, maana chenyewe hakifiki hata mara 3.

Kilichommaliza mjomba ni karatasi ya maabara. Ilikuwa na muhuri, na namba zake zilikuwa safi. Maabara haikudanganya, ilipima kipande ilicholetewa. Kipande kile hakikutoka kwenye yale magunia! Na yule mtu alikula wali nyumbani kwetu, akimwita mjomba "mzee wangu", huku anajua alichobeba. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Kwa hiyo kisu. Mwaga gunia lote chini, chagua mwenyewe mawe ya chini kabisa, si yale anayokupa yeye. Kata. Akanthaiti inachongeka kama sabuni ya mche, inatoa kinyuzi kinachojikunja. Galena haichongeki, inavunjika vipande vidogo vya pembe mraba na unga wa kijivu. Nawa mikono baada ya hapo, hiyo ni risasi. Usikate moja ukaridhika, kata mengi, maana wanachanganya. Akikataa kisu, ondoka, hata kama amekuja na mjumbe na mashahidi.

Yakipita kisu, beba vipande ulivyochagua wewe, uvipeleke maabara kwa mkono wako. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, iko Dodoma na inapima. Nauli ya Dodoma itakuuma, lakini dalali asiguse hicho kifurushi hata kukusaidia kukibeba mpaka stendi.