Usisubiri maua ya Aprili kwenda Charleston

Kila ikikaribia Machi simu zinaanza. Ndugu na marafiki wanaotaka kuja kututembelea hapa Charlotte, North Carolina, huuliza swali lile lile: tuje lini ili tufike na Charleston? Na kila mmoja ameshaambiwa na mwenzake kwamba ni lazima iwe Aprili, maua ya azalea yakiwa yamefunguka. Mimi nimekwenda Januari, nimekwenda Aprili, nimekwenda Julai na Oktoba. Ninachowaambia ni hiki: nenda siku utakayopata likizo, ila ujue umefika mwezi gani, maana mji ule hubadilika na majira kama bahari yetu inavyobadilika kwa kusi na kaskazi.

Kutoka kwetu ni mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari. Charleston umekaa kwenye rasi kati ya mito miwili, Ashley na Cooper, pwani ya South Carolina. Walowezi wa Kiingereza waliuanzisha mwaka 1670 ng'ambo ya Ashley, na miaka kumi baadaye wakauhamishia hapo ulipo leo. Mimi ni mtoto wa Tanga. Siku ya kwanza nilipofungua mlango wa gari, maji yalikuwa yamekupwa, na harufu ya tope la pwani ikanipokea. Hakuna mikoko kule, kuna nyasi ndefu zinazoota kwenye maji ya chumvi, lakini harufu ni ile ile ya nyumbani. Nilisimama pale muda mrefu kidogo kabla ya kushusha mabegi.

Januari ndio mwezi watu wanaoudharau, na ndio ninaoupenda. Mchana joto hufika kama nyuzi 15, unavaa sweta na kutembea kutwa nzima bila kuchoka. Bei za vyumba zinashuka. Chaza nao wako kwenye msimu wao. Wenyeji huwapanga juu ya bati la chuma lenye moto chini yake, wakawafunika kwa gunia lililoloweshwa, na wakishafunguka huwamwaga kwa koleo juu ya meza yenye tundu katikati. Unapewa kisu na kitambaa. Mnasimama kuizunguka meza, wageni na wenyeji, makombe mnayatupia tunduni, na kabla hujamaliza kumi la kwanza umeshajua majina ya watoto wa jirani yako.

Baridi hiyo hiyo ndiyo inayokupa nafasi ya kuzitazama nyumba vizuri. Nyumba ya asili ya Charleston ina upana wa chumba kimoja tu, na ubavu wake mwembamba ndio unaotazama barabara. Ukifungua mlango wa barabarani huingii ndani, unaingia barazani. Baraza hilo refu huelekezwa kusini au magharibi ili likamate upepo, na mengi dari lake limepakwa rangi ya samawati, rangi ambayo Wagullah, watu Weusi wa pwani ile, waliamini inazuia mizimu isiingie. Tazama pia kutani uone vipande vya chuma, vingine vya duara, vingine kama nyota. Ni vichwa vya nondo zilizopitishwa ndani ya nyumba kushikilia kuta baada ya tetemeko la tarehe 31 Agosti 1886.

Aprili ni pazuri kweli, sitabisha. Lakini weka nafasi ya chumba miezi kadhaa kabla, na uwe tayari kwa msongamano. Nina jambo moja zito la kusema kuhusu Aprili. Mwaka ule tulilipa kiingilio cha shamba moja kubwa la kale nje ya mji, na kwa karibu saa nzima mwongozaji alitueleza habari za viti, vikombe na mapazia. Watumwa waliolima mpunga wa shamba lile aliwataja mara moja, akawaita "wafanyakazi". Niliumia. Usilipe pesa yako kusikiliza hadithi ya namna hiyo. Nenda shamba la McLeod, kwenye kisiwa cha James, dakika chache kutoka katikati ya mji. Lilifunguliwa kwa umma mwaka 2015 chini ya hifadhi za kaunti, na simulizi lake linaanzia kwenye vibanda vya watumwa, ambavyo bado vimesimama kwa mstari chini ya mialoni.

Julai ni nyuzi 32 au zaidi, na unyevu wake ni wa Dar ya Februari. Tembea alfajiri. Adhuhuri ingia Makumbusho ya Kimataifa ya Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa Juni 2023 kwenye gati la Gadsden. Wanahistoria hukadiria kwamba kiasi cha asilimia 40 ya Waafrika walioletwa utumwani Amerika Kaskazini waliingilia bandari ya Charleston, na wengi walishushwa papo hapo gatini. Kwa heshima ya ardhi ile, jengo limeinuliwa juu ya nguzo. Chini yake, sakafuni, pamechorwa maumbo ya watu waliolazwa bega kwa bega kama walivyopakiwa merikebuni, na maji huwafunika, kisha yakapwa, kisha yakawafunika tena. Bustani hiyo ya chini haina kiingilio. Nunua tiketi ya makumbusho mapema, na usipange shughuli nyingine mchana huo.

Jioni joto likipoa, vuka daraja la Ravenel uende kisiwa cha Sullivan. Wengi waliowasili kutoka Afrika walitengwa kwanza kisiwani hapo kwa kuhofia magonjwa kabla ya kuuzwa mjini. Kuna benchi jeusi la chuma karibu na ngome ya Moultrie, lililowekwa mwaka 2008 baada ya mwandishi Toni Morrison kulalamika kwamba hakukuwa na hata benchi dogo kando ya barabara la kuwakumbuka. Keti hapo. Mawingu ya radi ya alasiri yakishapita, upepo wa bahari ni mzuri sana.

Oktoba nilikwenda na mama, aliyekuja kutoka Tanga kunisaidia mtoto. Tulifika mwanzoni mwa mwezi na kukuta mabango ya tamasha la sanaa la mji, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa: MOJA. Mama akasoma kwa sauti, akanigeukia. "Hawa nao ni Waswahili?" Nikamweleza kwamba ni tamasha la sanaa za Wamarekani Weusi na za Karibiani, na jina walilichukua makusudi kwenye lugha yetu. Aliomba apigwe picha chini ya lile bango.

Kisha tukaingia sokoni, City Market, ambako akina mama wa Kigullah huketi na vikapu vyao. Wagullah ni vizazi vya Waafrika waliofanyishwa kazi kwenye mashamba ya mpunga ya pwani ile na visiwa vyake, na wana lugha yao mpaka leo. Vikapu vyao havisukwi kwa ukili kama mikeka yetu. Mshonaji hukusanya fungu la nyasi laini, hulizungusha kama nyoka aliyejikunja, kisha hulishona kwa ukanda wa jani la palmetto, mti wa kule wa jamii ya mnazi, akitoboa kwa mpini wa kijiko uliosagwa ncha. Mama alikipita kila kikapu cha maua na cha mkate, akaenda moja kwa moja kwenye kimoja kipana, chenye kina kifupi. Akakishika kwa mikono miwili. "Huu ni ungo," akasema. Hajui Kiingereza, na yule mama wa Kigullah hajui Kiswahili. Mama akaanza kupepeta hewa, akirusha na kudaka mchele usiokuwepo. Yule mama akaweka chini kazi yake, akachukua chake kingine, naye akapepeta. Walipepeta pamoja wakicheka mpaka watu wakasimama kutazama. Vikapu vya umbo lile vilikuwa vya kupepetea mpunga tangu enzi za mashamba. Bei yake ni kubwa, na ni halali yake, kwa sababu kikubwa huchukua wiki nyingi kushonwa. Usiombe kupunguziwa kama uko soko la Mgandini kule Tanga.

Tahadhari ya Oktoba ni maji. Msimu wa vimbunga huanza Juni na kuisha Novemba, kwa hiyo chagua chumba unachoweza kukifuta bila kupoteza pesa. Halafu kuna bamvua. Likiwa kubwa, bahari hupandia kwenye mifereji na kujaa barabarani huku jua linawaka. Niliegesha gari karibu na ufukwe wa mto bila kuangalia jedwali la maji, na tuliporudi yalikuwa yamefika nusu ya tairi. Angalia saa za kujaa na kupwa kabla hujaegesha. Katikati ya mji kuna basi la DASH lisilo na nauli, litumie.

Chakula kipo mwaka mzima: wali mwekundu wa nyanya, mchuzi wa bamia, kamba juu ya uji mzito wa mahindi. Na mkiwa njiani kurudi, simameni kwenye kibanda chochote cha barabarani chenye sufuria linalofuka moshi. Ni karanga za kuchemsha, na maganda yake, na chumvi. Watu wa kusini huziita pia "goober", neno lililotoka kwenye nguba ya Kikongo. Mama alinunua mifuko miwili, mmoja tukaumaliza kabla ya kuiacha South Carolina.