Testi ya Kijani Isiyopima Kitu

*Nimetumia pytest.raises (ya kupima kama msimbo wa Python unarusha kosa linalotakiwa) nikaipa Exception, testi inapita. Wenzangu kazini wananicheka. Kosa liko wapi? (Kisauni)*

Wana sababu ya kucheka. Exception ni mzazi wa karibu makosa yote ya Python. Umevuta juya, kaka: linakokota samaki, mwani na kandambili za watu. Niliwahi kumwandikia mwenye mabasi mmoja wa Mwembe Tayari mfumo wa tiketi. Testi yangu ilitaka idadi hasi ya viti ikataliwe, lakini humo ndani jina la funksheni kata_tiketi niliandika kata_tiket, bila i ya mwisho. Python ikarusha NameError, kosa la jina lisilojulikana; testi ikaimeza, ikakaa kijani, yaani inapita, wiki sita. Na hilo sharti la kukataa sikuwa nimeliandika popote! Karani alipokuja kubonyeza -2, mfumo ukakata tiketi na kumdai mwenye basi.

Taja ValueError, kosa la thamani isiyofaa, au unda kosa lako mwenyewe linaloirithi. Ndani ya with inayobeba pytest.raises weka mstari mmoja tu, ule unaotakiwa kurusha. Assert, yaani mstari wa kuhakiki matokeo, ukiichomeka chini yake humo humo, haifikiwi kamwe.

*Nimeandika self.assertRaises(ValueError, hesabu_nauli(-50)) lakini testi inakufa kwa ValueError hiyo hiyo. (Likoni)*

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Funksheni umeiita wewe mwenyewe kabla assertRaises, ndugu ya pytest.raises katika unittest ya Python, haijashika kitu. Mpe jina hesabu_nauli, koma, halafu -50. Au tumia with uache kuhangaika.

*Ujumbe wa kosa una mabano, match inakataa ingawa maneno ni yale yale. (Changamwe)*

Match, ile ya pytest.raises inayolinganisha ujumbe wa kosa, inasoma rejeksi (ruwaza za kutafuta maneno), na mabano huko yana kazi yake. Pitisha maneno kwenye re.escape, mabano yasomwe kama mabano tu. Ila usipime sentensi nzima, dada. Kesho mtu atarekebisha tahajia na testi ishirini zitaanguka.

*Tuko JUnit 4, ya kupima msimbo wa Java; tunataja kosa linalotarajiwa kwa expected kwenye @Test. Inatosha? (Nyali)*

Haitoshi. Kosa likirushwa na mstari wowote wa testi, hata ule wa maandalizi, inapita. Toleo la 4.13 lina assertThrows, nayo inakurudishia kosa lenyewe ulikague.

*Kila kosa liandikiwe testi? (Mtwapa)*

Yale msimbo wako unayoahidi kurusha. Kupima kama Python inalalamika ukigawa kwa sifuri ni kuwafanyia wenye Python kazi, na hawakulipi.