Jina limebadilika, imeli isifutwe

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Kurasini, tuko watu 14, na kwa vile siku moja nilijitia najua kubadilisha paswedi basi tangu hapo mambo yote ya kompyuta ni yangu. Imeli zetu ni zile za Google za kulipia kila mwezi. Sasa dada yetu wa dokumenti kaolewa, katoka likizo anataka imeli yake isomeke jina la mume badala ya la baba. Bosi kasema kirahisi tu, futa ile ya zamani tengeneza mpya. Nimefika mpaka kwenye kitufe cha kufuta, kidole kikagoma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hicho kidole kinunulie soda. Anachotaka bosi ni sawa na kuchoma faili zima la mteja eti kwa sababu kampuni yake imebadilisha jina. Ukifuta akaunti unafuta na barua zote, kalenda, mafaili aliyohifadhi, kila kitu, na Google wanakupa siku 20 tu za kuirudisha, zikipita hizo utalia peke yako.

We ingia kwenye paneli ya admini, nenda kwenye orodha ya watumiaji, mtafute huyo dada, hapo kuna sehemu ya kubadilisha jina la mtumiaji. Unabadilisha jina analoonekana nalo na pia anwani yenyewe, ni vitu viwili hivyo, wengi wanabadilisha kimoja wanasahau kingine halafu wanashangaa. Kabla hujabonyeza mwambie atoke kwenye akaunti, kwenye kompyuta na simu. Halafu subirini kama dakika 10 hivi, aingie kwa anwani mpya na paswedi yake ileile. Barua zake zote atazikuta palepale. Simu ikileta ubishi aitoe akaunti aiweke upya, barua ziko mtandaoni hazipotei.

Na ile anwani ya zamani haifi. Google wenyewe wanaigeuza kuwa aliasi, yaani jina la utani, mtu akiandika kwa jina la baba barua inaingia sanduku lilelile, na hulipii senti (mtu mmoja anaruhusiwa mpaka aliasi 30, sijui nani anazihitaji zote). Hiyo aliasi usiiondoe, hata bosi akisema inachafua orodha. Ninyi mzigo unaweza kuanza kuzungumzwa leo ukafika bandarini baada ya miezi miwili, na muda wote huo wakala wa China anajibu kwenye anwani aliyoizoea.

Ila kubadilisha jina ndo kazi ndogo, kubwa iko nje ya Google. Kaa na huyo dada na kalamu muandike kila mahali anapoingia kwa kutumia hiyo imeli: mifumo ya serikali, benki, kampuni za meli, mpaka mahali mnapoagizia karatasi. Kule hakuna kinachobadilika chenyewe. Ataendelea kuingia kwa anwani ya zamani mpaka abadilishe kulekule, na zile namba za kuthibitisha zitaendelea kwenda kwenye anwani ya zamani, unaona sasa kwa nini aliasi isiguswe. Pale anapoingia kwa kitufe cha Google moja kwa moja kwa kawaida inakubali, lakini kuna tovuti nyingine zinaangalia anwani tu zinamwona mgeni, zinamfungulia akaunti tupu, akiona hivyo asianze kujaza upya, awapigie wenye mfumo.

Jingine, na hili nakuomba bosi alisome mwenyewe. Mteja akipata invoisi kutoka kwenye anwani asiyoijua, jina la mwisho hajawahi kulisikia, akifikiri ni tapeli ana haki kabisa, maana matapeli ndo wanavyofanya, wanatengeneza anwani inayofanana kidogo halafu wanasema akaunti yetu ya benki imebadilika lipeni huku. Kwa hiyo huyo dada awaandikie wateja kabla ya mabadiliko, akiwa bado kwenye anwani ya zamani, na wale wakubwa apige simu wamsikie sauti. Na kama ofisi ilikuwa na mpango wa kubadilisha benki, tafadhali isiwe mwezi huohuo.

Mengine madogo: saini chini ya barua haijibadilishi, aiandike upya. Mashine ya kuskani imehifadhi anwani ya zamani, itafika tu, siku una nafasi badilisha. Na msishangae afisa fulani akiendelea kumwona kwa jina la baba, huyo kamsevu hivyo kwenye simu yake, hiyo hata Google hawawezi kuifikia.

Fanyeni Ijumaa jioni. Msifanye asubuhi ambayo meli imefunga gati.

SWALI: Anko mi niko Morogoro, shule ya binafsi, imeli zetu ziko kwenye hostingi ya bei poa yenye cPanel, ule ukurasa wa kuziendesha. Mwalimu wa taaluma kabadilisha jina ila kitufe cha kubadilisha jina la imeli nimetafuta mpaka macho yameuma.

JIBU: Pole, hakipo. Kule unatengeneza sanduku jipya, unahamisha barua, halafu la zamani unaliwekea fowada ya kupeleka kila kinachoingia kwenye jipya. Kuhamisha rahisi ni kufungua masanduku yote mawili kwenye programu moja ya barua kwa njia ya IMAP, ile inayoacha barua kwenye seva, ukaburuta mafolda kutoka huku kwenda kule, usiku, maana bando litaisha. Ila kwanza angalia kompyuta ya mwalimu inavuta barua kwa POP, ile inayozishusha kwenye kompyuta, au IMAP. Kama ni POP inawezekana barua za miaka yote ziko kwenye hiyo kompyuta peke yake na kwenye seva hakuna kitu, basi hiyo kompyuta asiiguse mtu mpaka uchukue kopi. La zamani usilifute, na usije kulikabidhi kwa mwalimu mpya mwenye jina linalofanana, atasoma barua za wazazi zisizomhusu.

SWALI: Nimeolewa mwezi wa nane, kurudi kazini nakuta HR wameshanibadilishia imeli kwa jina la mume wangu, hakuna aliyeniuliza. Mi sina mpango wa kubadilisha jina. Nikilalamika nitaonekana na dharau? – Dodoma

JIBU: Hongera ya ndoa kwanza, na hapana, dharau waliianza wao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, na huku Pwani na Zanzibar wanawake wengi wanaolewa wanazeeka na majina ya baba zao na ndoa hazijapungukiwa kitu. Tena ukiwaza kikazi ndo wamekosea zaidi, kwa sababu kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki, NSSF na mshahara vyote viko kwa jina lako la siku zote, halafu imeli inasema jina jingine, siku ya ukaguzi ataulizwa nani?

Waandikie mistari miwili: jina langu halijabadilika, naomba anwani irudishwe ilivyokuwa. Kwa fundi ni kazi ya dakika chache. Ile ya jina la mume waache kama aliasi kwa muda kama kuna watu walishaitumia, halafu waitoe. Na mumeo mwambie mapema nyumbani, asije akasikia kwa mtu wa HR mkiwa harusini.